Je, Deni ya Msitu Hulipwa kwa Hesabu ya Miche?

Mwezi huu twataka kulitazama swali moja ambalo kwanza laonekana kuwa ni jambo la wakulima na wapasua mbao tu. Lakini likichunguzwa, laonekana kuwa ni jambo la haki, yaani la watu wote. Swali lenyewe ni hili: Mtu akikata mti mmoja wa msituni, kisha akapanda miche mia ya mti wa jinsi ile ile, je, ameilipa deni yake? Wengi watajibu upesi, "Ameilipa, tena amezidisha, maana alitwaa mmoja akarudisha mia." Jibu hilo lapendeza masikioni, naye apandaye miti hastahili kulaumiwa, bali kusifiwa. Walakini sisi twasema kwamba jibu hilo halikukamilika, na mara nyingine si la kweli. Mtuvumilie tueleze sababu, ndipo kila mtu apime kwa akili yake.

Kwanza yatupasa kujua jinsi miti ilivyo. Mtu asiyezoea msitu huiona miti ya jinsi moja kuwa yote ni sawa, kama vile mgeni awaonavyo ng'ombe wa mchungaji kuwa wote ni sawa. Lakini mchungaji mwenyewe awajua: huyu ana maziwa mengi, yule hustahimili ukame, na yule wa tatu hapatwi na ndigana upesi. Ndivyo ilivyo miti pia. Mmoja umenyoka, mwingine umepinda; mmoja huzaa mapema, mwingine hukawia; mmoja hukauka mvua zikipungua, na jirani yake hubaki na majani mabichi. Tofauti hizo nyingine zatokana na udongo na maji, lakini nyingine zimo ndani ya mbegu yenyewe, nazo hurithiwa na mzao kutoka kwa baba na mama. Wataalamu wa siku hizi huita vifungu vidogo vya urithi huo vinasaba. Neno ni jipya, lakini jambo lenyewe ni la zamani. Wazee wetu walilijua walipochagua mbegu ya mahindi na dume la kundi.

Basi jinsi moja ya mti si kitu kimoja, bali ni kama ukoo mkubwa uliotawanyika milimani na mabondeni, kila nyumba na tabia zake. Na utajiri wa ukoo hauhesabiwi kwa vichwa tu. Mtu akiokota mbegu chini ya mti mmoja ulio karibu na njia, akaotesha miche mia, miche hiyo ni watoto wa mama mmoja. Na akikata vikonyo vya mti mmoja, akavipandikiza juu ya mashina mia, hakupata miti mia. Amepata mti mmoja uliosimama mahali mia. Adui aliyemshinda mmoja amewashinda wote.

Pengine mtu atasema, "Mwalimu, maneno haya ni ya wataalamu, sisi watu wa shamba yatuhusu nini?" Tumjibu kwa habari ya mti ambao kwa mapato yake wengi wetu tumejenga nyumba na kulipa ada za shule, yaani mbuni.

Mbuni ni mti wa msitu wa Afrika. Kahawa iitwayo arabika, ijapokuwa imepewa jina la Uarabuni, asili yake ni misitu ya milima ya kusini-magharibi ya Uhabeshi, yaani Ethiopia, pamoja na uwanda wa juu wa Boma katika nchi ya Sudani Kusini. Kutoka Uhabeshi mbegu chache zilivuka bahari mpaka Yemeni, na kutoka Yemeni chache zaidi zilichukuliwa mbali. Mwaka 1706 Waholanzi walileta mche kutoka kisiwa cha Java mpaka bustani yao ya Amsterdam. Mwaka 1714 mche wa uzazi ule ule alipewa mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Na wazao wa miche hiyo walipelekwa katika visiwa na nchi za Amerika. Mbegu nyingine za Yemeni zilipandwa katika kisiwa cha Bourbon, kiitwacho leo Réunion. Tena mbuni wa arabika hujizalisha wenyewe ndani ya ua lake, hauhitaji sana mbuni wa pili. Kwa hiyo mashamba makubwa ya dunia yalijaa miti mamilioni kwa mamilioni, lakini kwa damu ilikuwa karibu kuwa ndugu wa tumbo moja.

Matokeo yake yakaonekana. Mwaka 1869 ugonjwa wa kutu ya majani ulitokea katika mashamba ya kisiwa cha Ceylon, kiitwacho leo Sri Lanka. Miti yote ilikuwa ya namna moja, na yote ilishindwa kwa namna moja. Kabla haijapita miaka 30 kilimo cha kahawa katika kisiwa kile kilikuwa kimeanguka, wakulima wakang'oa mibuni wakapanda chai. Mwaka 1970 kutu ile ile ilifika Brazili. Na huku kwetu ulitokea ugonjwa mwingine, ambao wakulima huuita chulebuni, ugeuzao tunda bichi kuwa jeusi na kuliozesha mtini. Ulionekana kwanza Kenya mwaka 1922, kisha ukaenea katika nchi nyingine za Afrika zilimazo kahawa hiyo. Dawa ya kunyunyizia ipo, lakini bei yake ni kubwa, na mkulima mwenye miti michache huona kwamba dawa yala mapato yote.

Msaada ulitoka wapi? Ulitoka msituni. Mwaka 1971 chulebuni ilipofika Uhabeshi, wataalamu waliichunguza mibuni ya huko, ambayo haikuwa ya mama mmoja. Waliona kwamba mahali mti huu umeharibika kabisa, mwingine ulio karibu nao umesimama na matunda mazima. Kutoka katika miti hiyo michache wakachagua mbegu wakawapa wakulima. Kadhalika huko Kenya mwaka 1985 ilitolewa kahawa iitwayo Ruiru 11, istahimiliyo chulebuni na kutu. Katika wazazi wake umo mbuni mmoja uitwao Rume Sudan, ambao mbegu zake zilichukuliwa katika miaka ya 1940 katika misitu ile ya Boma. Na mwingine ulitokea wenyewe kisiwani Timor, ambako arabika ilichanganyika na robusta, mti mwingine wa misitu ya Afrika. Damu hiyo hiyo ya Boma na Timor imo katika mibuni mipya iliyotolewa tangu mwaka 2005 na kituo cha utafiti cha Lyamungu, Kilimanjaro. Yeye anywaye kahawa ya mibuni hiyo, na mtoto aliyesomeshwa kwa mapato yake, wana deni kwa msitu ambao hawakuuona kamwe.

Sasa angalieni neno moja kwa makini. Mibuni ya Boma haikuwa na sifa. Rume Sudan yenyewe haizai sana. Mfanya biashara asingeitazama mara mbili. Kama mtu angalipita huko miaka mia iliyopita, akauliza, "Vichaka hivi vya mwitu vina faida gani?" hakuna mwenye hekima wa siku zile ambaye angaliweza kumjibu. Na kama angalivichoma vyote alime mtama, hakuna hakimu ambaye angalimhukumu. Lakini sisi tungalikosa, wala tusingalijua tumekosa nini. Hapo ndipo ulipo ugumu wa swali letu. Faida ya mti haiandikwi juu ya gome lake. Yaonekana siku ya shida, na siku hiyo haitangazwi mbele.

Wala hatari hii haikupita. Wataalamu waliofika Boma mwaka 2012 waliukuta msitu ule umeharibiwa sana na mibuni ya mwitu imepungua. Mwaka 2019 ilitolewa hesabu ya jinsi zote za mibuni ya mwitu zilizojulikana duniani, nazo ni 124. Katika hizo, jinsi 60 katika kila 100 zimo katika hatari ya kutoweka. Baadhi ya hizo zimo katika milima ya kwetu, kama Usambara, na watu huzipita wakienda kuokota kuni.

Mtu mwingine atasema, "Si kuna maghala ya mbegu? Huko Norway, mahali paitwapo Svalbard, ilifunguliwa ghala kubwa mwaka 2008 ndani ya mlima. Mbegu na zitunzwe huko, nasi tuendelee na kazi zetu." Neno hilo ni zuri kwa mtama, ngano na mpunga, ambazo mbegu zake hukaushwa, zikawekwa katika baridi kali, zikakaa miaka mingi bila kufa. Lakini mbegu za miti mingi ya misitu yetu ya mvua si hivyo. Ukizikausha zafa, ukiziweka na unyevu zaota au zaoza. Mbegu ya kahawa yenyewe haikai muda mrefu ghalani. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walisema kweli. Lakini akiba hii huoza ikitolewa nyumbani mwake. Ghala yake ni msitu, na mlinzi wake ni yule akaaye kandokando ya msitu.

Baada ya kutazama kahawa, tutazame miti mingine mitatu, maana kila mmoja watufundisha kosa lake.

Wa kwanza ni mkulo, ambao Wachaga huuita mseri, mti mkubwa wa mbao ngumu yenye harufu ya kafuri. Hukua katika milima ya Usambara, Kilimanjaro na mingine ya Afrika ya Mashariki. Mbao zake zilipendwa mno, hata ikawa miti mikubwa imepungua mahali pengi. Mwaka 1984 ukataji wa miti ya asili ulipigwa marufuku mkoani Kilimanjaro. Hata hivyo waliotazama msitu kutoka angani mwaka 2001 waliona kwamba ukataji wa siri unaendelea. Mti huu hauzai mbegu kila mwaka, na mbegu nyingi huharibiwa na wadudu. Mara nyingi huchipuka upya katika mizizi ya mti wa zamani. Mtu akiona chipukizi humi huterema na kusema, "Msitu umerudi." Ndiyo, mti umerudi, lakini ni ule ule. Chipukizi la mzizi si mtoto mpya wa baba na mama. Ni mti wa kwanza ulioinuka tena. Machipukizi yafaa kutunzwa, lakini hayawezi kurudisha nyumba za ukoo zilizokwisha kung'olewa.

Tena katika habari ya mbao kuna kosa kubwa zaidi. Mpasua mbao aingiapo msituni hutafuta mti ulionyoka, mrefu, usio na tundu wala fundo. Huo ndio aukatao. Ulio kombo, wenye mashina mawili, uliooza moyo, auacha. Akija wa pili afanya vivyo hivyo, na wa tatu vivyo hivyo. Basi ni miti ipi ibakiayo kuwa wazazi wa msitu wa kesho? Ni ile iliyokataliwa. Ndugu, ni mkulima gani alaye masuke makubwa yote, kisha akapanda mapunje yaliyodumaa? Akifanya hivyo miaka mitatu, majirani watasema amerukwa na akili. Lakini jambo tusilolivumilia katika shamba la ekari moja, tumelivumilia milimani kwa miaka mia. Na kwa kuwa mti hukawia kukua, hatukuiona hasara, bali tumewaachia wajukuu waione.

Mti wa pili ni msambu, wa misitu ya Usambara Mashariki na milima mingine ya upande huo wa Tanzania. Huzaa tunda kubwa, zito, na ndani yake mna mbegu zenye mafuta yagandayo kama samli. Watu wa milimani waliyatumia mafuta hayo tangu zamani kwa kupikia, na katika miaka hii ya 2000 viwanda vya Ulaya vilianza kuyataka. Hapo wakulima waliona faida ya mti uliokuwa umesimama mashambani mwao bila bei. Lakini msambu una dume na jike. Jike huzaa, dume halizai. Mtu mwenye shamba dogo hulitazama dume, akasema, "Huu wanila ardhi bure," akachukua shoka. Jirani naye afanya vivyo hivyo. Mwisho majike hutoa maua, wala hapana chavua ya kuwafaa. Hilo ni fundisho zuri kwa mtu apimaye kila kitu kwa faida ya mkono wake mwenyewe. Hakusema uongo aliposema dume halizai. Lakini pasipo dume hakuna lizaalo. Vivyo hivyo wale wanaopandikiza misambu bora, na wafanya kazi njema, yawapasa kuchukua vikonyo katika majike mengi na madume mengi, si katika mti mmoja uliosifiwa. La sivyo watarudia njia ile ile iliyoiangusha Ceylon.

Mti wa tatu ni ule ambao Wakikuyu huuita muiri, na Wachaga mkondekonde. Magome yake yana dawa. Waganga wa kwetu waliijua tangu zamani, na mwaka 1966 dawa yake ilipewa hati ya haki nchini Ufaransa, kwa kutibu ugonjwa wa wanaume wazee wa kuzuiwa mkojo. Tangu hapo magome yalitolewa kwa tani na tani katika milima ya Kameruni, Kenya, Uganda, Kongo na kisiwa cha Bukini, hata mataifa yakaona inafaa kuiwekea biashara hiyo sheria, nao mti ukaandikwa mwaka 1995 katika mkataba wa kulinda viumbe vya mwitu vinavyouzwa. Ukibandua gome upande mmoja na upande wa pili, ukaacha nafasi katikati, mti waweza kupona na kuota gome jipya. Ukibandua pande zote, wafa umesimama. Tena muiri hukaa milimani tu, na kati ya mlima na mlima kuna nchi kavu usiyoiweza. Kwa hiyo miiri ya kila mlima imekaa mbali na mingine vizazi vingi kama watu wa visiwani, nayo imekuwa na tabia mbalimbali. Ile ya magharibi ya Afrika yatofautiana kwa damu na ya mashariki. Mlima ukiisha miiri yake, mbegu ya mlima mwingine yaweza kuletwa, lakini haitakuwa ile iliyopotea.

Sasa turudi katika swali la haki. Tumesikia mara nyingi malalamiko haya, nayo si ya mpumbavu: "Mwalimu, mtoto wangu ana njaa leo. Mwanangu wa kike amerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Nawe waniambia niuache mti kwa ajili ya mtu ambaye hajazaliwa, wala baba yake hajazaliwa. Nina deni gani kwake?" Hatuwezi kumjibu mtu huyo kwa ukali. Mwenye tumbo lililoshiba akimhubiri mwenye njaa habari ya miaka mia ijayo, maneno yake hayana uzito. Kama hakuna njia nyingine ya kumlisha mtoto ila kukata mti ule, na aukate, wala asihukumiwe. Lakini twasema maneno mawili.

Neno la kwanza: mara nyingi si mwenye njaa amalizaye msitu. Mwenye njaa hukata mti mmoja. Amalizaye ni yule mwenye lori, ambaye hulipa wanakijiji fedha kidogo kwa kila shina, akauza mbao mjini kwa bei nyingine kabisa. Tusimfiche mtu wa lori nyuma ya mtoto mwenye njaa.

Neno la pili ni juu ya wale wasiozaliwa. Mtu auliza, "Nina deni gani kwao?" Nasi twamwuliza, "Wewe mwenyewe ulikuwa nani miaka mia iliyopita?" Kwa watu wa Boma na wa Uhabeshi wa siku zile, sisi sote tulikuwa wasiozaliwa. Hawakutujua majina. Waliiacha mibuni yao kivulini, nasi leo twala matunda yake. Mtu aliyepokea kwa wale waliomtangulia, kisha akasema kwamba hana wajibu kwa wale wamfuatao, ni kama mtu aliyevuka mto kwa daraja la wengine, kisha akalikata ili apate kuni.

Tena kuna tofauti kubwa kati yetu na wale wa kale. Wao waliutunza msitu bila kujua thamani ya kilichomo. Wengine kwa heshima ya mahali, wengine kwa sababu tu watu walikuwa wachache na shoka zilikuwa butu. Hatuwezi kuwasifu kwa jambo ambalo hawakulikusudia, wala kuwalaumu kwa walichopoteza bila kujua. Lakini sisi twajua. Tumeona habari ya Ceylon na ya Ruiru. Ajuaye kwamba chungu kina unga wa mbegu hawezi kujitetea kama yeye aliyekipiga teke gizani. Maarifa hayatupi faida tu; yatuongezea mzigo.

Kwa hiyo twaona kwamba msitu, kwa habari ya mbegu zake, si mali kama ng'ombe au fedha, ni amana. Mali, mwenyewe aweza kuitumia mpaka mwisho. Amana, mtu aweza kula maziwa yake, lakini mama sharti arudi akiwa mzima. Torati ya Musa yenyewe yatoa mfano wa hekima hii kwa jambo dogo sana: mtu akikuta kiota njiani, makinda aweza kuwatwaa, lakini mama yao sharti amwache aende. Haikukatazwa kula, lilikatazwa kukata chanzo. Mpaka wa haki umewekwa hapo hapo, kati ya tunda na mzazi.

Lakini haki ina upande wa pili, wala tusiufumbie macho. Kahawa ya Uhabeshi imetajirisha nchi ambazo hazikuipanda kwanza, na magome ya muiri yameuzwa ghali mbali na mlima yalikotoka. Ikiwa mbegu hizi ni amana ya watu wote, basi na gharama ya kuzilinda ni ya watu wote. Si haki mtu wa Amani au wa Boma aambiwe, "Usikate, kwa faida ya ulimwengu," kisha ulimwengu usimpe cho chote. Yeye atunzaye ghala ya wengine astahili ujira wa mlinzi. Yafaa wenye viwanda na serikali waambiwe neno hili waziwazi. Wala mlinzi akidai ujira wake asiitwe mwenye tamaa. Hata hivyo tusingoje mpaka ujira ufike ndipo tuanze kulinda. Maana mti ukiisha kufa, malipo hayataufufua.

Sasa, twafanyaje? Mambo yenyewe si makubwa. Mkiotesha miche ya miti ya asili, iwe ya shule, ya kijiji au ya usharika, msiokote mbegu chini ya mti mmoja. Wanaojua kazi hii hushauri kuokota katika miti mama isiyopungua 30, na kati ya mti na mti uwepo umbali wa mita 100 hivi, ili isiwe ya nyumba moja. Kisha mbegu zichanganywe kabla ya kupandwa. Kazi hiyo yachosha miguu, lakini watoto wa shule huipenda. Pili, shambani acheni miti mama michache ya kila jinsi isimame, na miongoni mwake iwepo iliyo bora, si iliyokataliwa tu. Tatu, msambu dume na ushindwe kuzaa kwa amani; usiukate kwa sababu hiyo. Nne, mbanduaji wa magome asimalize mzunguko. Tano, waulizeni wazee majina na tabia za miti kabla hawajaondoka: upi huzaa mapema, upi haushambuliwi na wadudu, upi walitunza kwa sababu gani. Andikeni katika daftari. Mara nyingi mti na habari zake hupotea katika mwaka mmoja.

Mtu akisema, "Mimi nina miti minne tu mpakani mwa kihamba, yangu yafaa nini?" tumwambie kwamba ukoo wa miti hauhifadhiwi na mtu mmoja mwenye ekari elfu. Ukihifadhiwa naye tu, moto mmoja wautosha. Huhifadhiwa na watu elfu, kila mmoja na miti minne isiyo ya mama mmoja.

Basi mtu aliyekata mti mmoja na kupanda miche mia, je, ameilipa deni? Twamjibu: Umefanya vema, ndugu, umelipa kwa hesabu. Sasa tuambie miche hiyo ni ya akina mama wangapi, na ule uliokata kama uliacha mwenzake msituni wa kuurithi. Ukiweza kujibu neno hilo bila kuinamisha uso, umeilipa. Usipoweza, mvua za mwaka huu hazijaisha; chukua mfuko, panda mlimani ukaokote tena.